Skrini ya Watu wa Nyuma: Kutoka Nakuru Hadi Ziwani na Kurudi

Jumatano, Nakuru

Kupakia ni hesabu. Skrini tunayobeba kwenda kwenye shughuli za watu ina upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Imeundwa kwa paneli 48, kila moja nusu mita kwa nusu mita, nane kwenda upana na sita kwenda juu. Ndani ya kila paneli mna nukta 128 kwa 128 zilizoachana kwa milimita 3.9. Ukizidisha zote unapata nukta, yaani pikseli, 1,024 kwa 768, na hapo ndipo vijana wapya hukwama, kwa sababu waya mmoja wa data kutoka kwenye prosesa ya video, kifaa kinachogawa picha kwenye paneli, hubeba takribani pikseli 650,000 tu. Sisi tunahitaji karibu laki nane. Basi zinatoka nyaya mbili, kila mmoja ukilisha nusu yake, na wa tatu unabaki kwenye begi kama akiba. Ukiona sherehe ambapo nusu ya skrini imekuwa nyeusi na nusu nyingine inacheza video vizuri, ujue kuna waya mmoja umekanyagwa.

Wateja wa Nakuru siku hizi wamesoma. Wanauliza kuhusu milimita, wanataka zenye nukta za karibu zaidi, wanalinganisha na ile waliyoona kwenye harusi ya Naivasha. Jibu langu ni lile lile. Chukua umbali wa nukta kwa milimita, uugeuze uwe mita: kwa 3.9, mtu akisimama mita nne hivi nyuma haoni nukta tena, anaona picha. Aliyekaa ndani ya hizo mita nne haihitaji skrini, ana macho yake na bwana harusi yuko mbele yake. Skrini ni ya watu wa nyuma. Hilo nalisema mpaka wenzangu wamenichoka.

Tumepakia kwenye kanta jioni: masanduku ya paneli, fremu za alumini, taa kumi na mbili za kumwaga rangi, nane zenye vichwa vya kuzunguka, mashine ya moshi ambayo sijui kwa nini tunaibeba kwenda ziwani. Jenereta ya kVA 20 imefungwa nyuma kwa mnyororo. Tuna mazishi upande wa Yala, harusi Kisumu, na ibada ya shukrani Vihiga. Desemba ndiyo hiyo. Watu wote wamerudi nyumbani, na kila jambo lililoahirishwa mwaka mzima linafanywa sasa.

Alhamisi, barabarani hadi Yala

Tumetoka kabla ya jua. Salgaa tulikuta malori yamepangana kama kawaida, dereva wetu akashika gia ya chini na hakuna aliyemharakisha. Mteremko ule unajulikana nchi nzima kwa ajali. Kwenda tunaupanda, ni wakati wa kurudi ndipo mzigo wetu ukisukuma kutoka nyuma hausikilizi breki. Mau Summit kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Baada ya hapo ni Londiani, Kericho na chai yake, kisha barabara inaanza kushuka. Ukifika Awasi umeshavua sweta, na Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, shati nalo linataka kutoka.

Safari hiyo ya kushuka ina madhara ambayo mtu wa viti na hema hayajui. Chuma kilichopoa huko juu kikifunguliwa kwenye hewa ya joto yenye unyevu ya karibu na ziwa, kinatoa jasho. Matone madogo hukaa juu ya vifaa vya umeme, na ukiwasha ghafla kwa nguvu zote unaua paneli mbili tatu kabla hata ya kuona picha. Kwa hiyo tukifika tunafungua vifuniko vya masanduku na kuyaacha wazi, tunakula kwanza. Kisha paneli zinawashwa kwa mwanga hafifu, zijikaushe zenyewe kwa joto lao. Mwenye shughuli akikuona umekaa unatafuna muhogo na masanduku yako wazi atadhani umelipwa kupumzika. Mwache adhani.

Kutoka Kisumu tulipita Maseno, pale barabara inapokatiza ikweta, kisha Luanda, tukaingia Yala mchana. Boma lenyewe lilikuwa ndani kidogo, kwenye njia ya udongo, na mvua ya juzi ilikuwa imeacha mifereji. Fundi wetu wa umeme alipoteremka hakugusa paneli. Alifungua kisanduku cha jenereta na kuanza kukaza skrubu, akianza na waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme. Jenereta yetu ni ya fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme. Kila fezi inatoa volti 240 ikipimwa na nyutro, lakini kati ya fezi na fezi ni 415. Nyutro ikilegea kwa mtikisiko wa barabara, volti hazigawanyiki tena sawa kati ya fezi, na taa iliyotengenezewa 240 inaweza kupokea zaidi ya 300. Nimeona picha za kazi za watu zilizoishia hivyo: kila kitu cha fezi moja kimeungua kwa sekunde moja, na sherehe iko mbele. Yeye hupima kwa mita kila tundu, anaandika kwenye kiganja, ndipo anasema, "Haya, leteni."

Shughuli ya usiku ilikuwa kesha. Familia ilitaka picha za marehemu, mwalimu mstaafu, zipite kwenye skrini huku watu wakiimba. Kulikuwa na vijana waliotarajia mengine. Walikuja kuuliza kama tuna dijei, kama zile taa zinazunguka. Disko za matanga zimepigwa marufuku na machifu sehemu nyingi za huku, na sababu zinajulikana. Lakini kijana mmoja wa kwetu, kwa mazoea, alikuwa ameshawasha taa za vichwa kuzijaribu, zikawa zinapiga mihimili juu ya migomba.

Mzee mmoja alikuja polepole na fimbo yake.

"Wanangu, hizo taa zinacheza nini? Hapa tunalia."

"Pole sana, jaduong'. Tunazizima sasa hivi."

"Msizizime zote. Wamama wanaopika hawaoni masufuria."

Hapo ndipo tulipopata kazi ya maana ya usiku ule. Tulichukua taa nne za kumwaga rangi tukazigeuzia jikoni, tukazifunga kwenye rangi ya kaharabu, bila kubadilika wala kupepesa. Mbili nyingine zikaelekea njia ya kwenda chooni. Jukwaani tukabakisha mbili tu, dhaifu. Mafundi wengi hawapendi kusikia hili, lakini kwenye matanga taa nzuri ni ile ambayo hakuna anayeikumbuka kesho yake.

Ijumaa, Yala, kisha Kisumu

Mazishi ni mchana, na adui wa mchana ni jua. Skrini ya nje inatoa mwanga wa niti 4,500 hadi 5,000, ya ndani haifiki hata robo ya hiyo, na bado jua likiipiga usoni picha inafifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Dawa si kuongeza mwanga, ni kujua jua liko wapi. Huku kwenye ikweta linapanda mashariki na kuzama magharibi bila kona nyingi, kwa hiyo skrini inayotazama mashariki itaungua asubuhi, na inayotazama magharibi itaungua alasiri. Inabaki kaskazini au kusini. Mwezi wa Desemba jua limeinamia kusini, basi uso wa skrini uelekee kaskazini, mgongo ndio upigwe. Ingekuwa Juni tungegeuza.

Shida ni kwamba kaskazini palikuwa na mwembe mkubwa, na chini ya mwembe ndiko wazee na kina nyanya walikokuwa wamewekewa viti. Msimamizi wa mazishi alitaka skrini itazame hema la wageni waheshimiwa, magharibi. Nilimwonyesha kwa simu, nikampigia picha ya pale alipotaka: unaona? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Waheshimiwa wako mita kumi kutoka kwa jeneza, wataona." Sikuwa na la kuongeza.

Kina nyanya wale waliangalia ibada yote kutoka chini ya mwembe. Kuna jambo moja la ufundi hapa ambalo hunifurahisha kila mara. Picha kutoka kwenye kamera hadi kwenye skrini huchelewa kidogo, karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa sababu kamera, prosesa na paneli kila moja inakula muda wake. Ukisimama mbele unaona midomo ya mhubiri imekosana na sauti. Lakini sauti nayo inatembea, mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyekaa mita 34 kutoka kwenye spika anaipata ikiwa imechelewa sehemu hiyo hiyo moja ya kumi. Kwa hiyo mbele mambo hayalingani, na nyuma, chini ya mwembe, midomo na sauti vinafika pamoja. Kasoro yetu inamnufaisha yule tuliyemlenga. Mhandisi wa sauti anaweza kurekebisha mbele kwa kuchelewesha spika, ila kwenye mazishi haya spika zilikuwa za kanisa jirani na hatukuzigusa.

Saa tisa tulifungua kila kitu. Tulikula ugali na kuku tuliokabidhiwa kwa nguvu, hakuna kukataa, tukaondoka.

Jumamosi, Kisumu

Harusi ilikuwa kwenye bustani karibu na ziwa, upande wa Dunga. Nitakaa kidogo hapa kwa sababu ndipo pesa ilipo na ndipo mabishano yalipo.

Mama wa bwana harusi alitupokea akiwa na mchoro. Skrini nyuma ya meza ya maharusi, katikati, kubwa. Kila mtu anataka hivyo kwa sababu kila mtu ameona hivyo kwenye simu.

"Mama, tukiiweka nyuma yao, usiku kamera itaona vivuli viwili. Mwanga unatoka mgongoni."

"Kijana, nimelipia skrini ionekane."

"Itaonekana, mama. Tatizo ni mwanao ndiye hataonekana."

Kuna na jambo la pili, ambalo sikumwambia kwa sababu lingemchosha. Kamera ikiipiga skrini inayoonyesha picha ya kamera ile ile, unapata picha ndani ya picha ndani ya picha, shimo lisilo na mwisho. Pia nukta za skrini zikikutana na nukta za kamera hutokea mawimbi ya ajabu kwenye video, na skrini inayojiburudisha mara 1,920 kwa sekunde huacha mistari myeusi kwenye simu za wageni. Yetu inakwenda 3,840, mistari imepungua sana, lakini mawimbi bado yapo ukikaribia. Tuliafikiana: skrini kulia kwa jukwaa, ikiinama kidogo kuelekea meza za mwisho, na nyuma ya maharusi kitambaa cheupe chenye taa za rangi ya dhahabu kutoka chini. Alipoona kitambaa kimewaka aliita dada zake wote waje wapigwe picha pale. Hakuitaja skrini tena.

Umeme wa bustani fundi aliupima saa nne asubuhi: volti 208. Wapishi walipowasha majiko yao ya umeme ikashuka hadi 190. Paneli zenyewe huvumilia, nyingi hukubali kuanzia volti 100, lakini zikipata volti chache huvuta ampea nyingi zaidi kupata nguvu ile ile, na breka ya ukutani ndiyo inayoanguka. Kwa kawaida huanguka mama akiwa katikati ya hotuba. Tuliwasha jenereta. Skrini ikiwa nyeupe tupu inaweza kula karibu kilowati nane, ila video ya kawaida inatumia kama theluthi ya hapo. Taa zote ni kilowati nne na kitu. Jenereta ya kVA 20 inatoa kilowati 16, inatosha na inabaki. Mpiga picha mmoja aliuliza kama anaweza kuchomeka birika. Hapana.

Kwenye Ziwa Victoria, mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu, na usiku hugeuka ukarudi majini. Skrini ya mita 12 za mraba ni tanga. Kila mguu wa fremu tumeuwekea tangi la maji, na nyaya mbili za kuvuta nyuma, na yule msichana wa mapambo aliyetaka kuondoa matangi kwa sababu yanaharibu picha tulimpa vitambaa ayavishe. Akayavisha vizuri kweli.

Halafu jua likazama, wakaja wageni ambao hawakualikwa.

Wanaoishi Kisumu wanawajua wadudu wa ziwa, wale wadogo wanaoinuka majini kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Usiku ule mwezi ulikuwa haujaonekana kabisa. Saa moja na nusu hivi walitua. Wanapenda mwanga mweupe na wa buluu kuliko wa manjano, na kijana wa taa alikuwa na jukwaa zima katika buluu kwa sababu rangi ya harusi ilikuwa buluu. Mshereheshaji alifungua mdomo kumkaribisha mjomba, akaufunga. Tukabadilisha haraka: jukwaa likawa kaharabu, na taa mbili nyeupe kali tukazipeleka mbali kwenye ukingo wa bustani, juu ya nyasi ambako hakuna mtu, ziwe chambo. Skrini tukaishusha hadi asilimia 15. Hiyo ya kushusha tungeifanya hata bila wadudu, usiku skrini ya nje kwa nguvu zote inaumiza macho.

Wadudu wengi walifuata chambo. Waliobaki walituletea kitu ambacho mashine ya moshi haikuweza. Mihimili ya taa za vichwa haionekani hewani bila kitu cha kuigonga, ndiyo maana watu hupuliza moshi. Kwenye bustani ya ziwani upepo unaufagia moshi kabla haujafika jukwaani. Wadudu haufagii. Walijaa ndani ya mihimili na kila mhimili ukasimama angani kama nguzo ya fedha, na wageni wakapiga makofi wakidhani ni mpango wetu. Bwana harusi alinifuata baadaye kuuliza tulitumia nini. Nikamwambia ni teknolojia ya hapa hapa.

Taa zetu za vichwa zina balbu za gesi zenye joto kali, si za LED, na haziruhusiwi kuzimwa ghafla. Baada ya ngoma ya mwisho tuliziacha feni zikizunguka robo saa, balbu zipoe, huku wenye bustani wakitukodolea macho na ufunguo wa geti mkononi.

Jumapili, Vihiga

Tumelala kidogo. Kiboswa, Majengo, Mbale, kisha Chavakali tukapinda kulia kuelekea Kaimosi, nchi ya Waquaker tangu wamishonari wa Marekani walipofika 1902. Mawe makubwa ya Maragoli kila upande, na hewa imepoa tena.

Ibada ilikuwa uwanjani na kazi ilikuwa maneno ya nyimbo. Kwaya tatu, umati mkubwa, na katibu wa kanisa ametuletea tenzi zimechapwa beti nzima kwenye ukurasa mmoja, kwa herufi za kusoma Biblia. Kipimo chetu ni sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita tatu za umbali. Waumini wa mwisho walikuwa mita 45 hivi. Hiyo ni herufi ya karibu sentimita 38, na kimo cha skrini ni mita 3, ukitoa nafasi kati ya mistari inabaki minne. Dada wetu wa video alikaa kwenye ngazi ya kanta tangu saa moja asubuhi akikata beti mistari minne minne, na kila mara katibu akipita alisema, "Lakini nafasi ipo, mwanangu, ongeza." Nafasi ipo kwa macho yako wewe, mzee, uliyesimama hapa.

Alichagua herufi nyeupe kwenye kijani kilichoiva, siyo nyeusi kwenye nyeupe. Mandhari meupe mchana ni mazuri lakini yanakula umeme wote na kufanya herufi zionekane zimekonda.

Ibada iliisha saa nane, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya milima ya Nandi. Huku radi haina mzaha. Tukashusha fremu kabla ya kufungua nyaya ndogo, kwa sababu chuma kirefu uwanjani ndicho cha kwanza kuondoka, jenereta ikazimwa, na mvua ikatukuta tukiwa na masanduku manne bado nje chini ya turubai. Paneli za nje zina kinga ya maji usoni, mgongoni kinga ni ndogo zaidi, kwa hiyo wanaume sita walishika turubai upande wa nyuma wakati sisi tunafunga. Walikuwa wanakwaya. Waliendelea kuimba.

Jumatatu, kurudi

Tulipanda Kapsabet, Lessos, tukatokea Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, baridi imerudi yote. Salgaa tena, taratibu.

Nakuru tumefungua masanduku yote ghalani yapate hewa. Feni za taa za vichwa zimejaa wadudu waliokauka, inabidi kuzipuliza moja moja kwa kompresa, kutoka ndani kwenda nje, ukishikilia panga la feni lisizunguke maana likizungushwa na upepo huzalisha umeme na kuua saketi. Moduli mbili, vile vipande vinavyounda paneli, zina mistari ya nukta zilizokufa, tumezitoa na kuweka za akiba kutoka kundi lile lile la kiwanda, la sivyo wekundu hautalingana. Waya mmoja wa data umepinda kichwa. Masalio ya malipo ya Yala yameingia kwa simu, na ujumbe wa shukrani wa mistari miwili.

Alhamisi kuna mahafali Njoro. Mwenye shughuli ameshapiga simu mara mbili, anataka kujua kama skrini inaweza kukaa nyuma ya keki.